Soma Treni Kabla ya Kuitia Bei

Katika nyumba nyingi za watu waliowahi kufanya kazi ya reli huwa kuna sanduku. Pengine liko chini ya kitanda, pengine darini juu ya magunia ya mahindi. Ndani yake mna filimbi, kofia ya sare, taa ya ishara iliyopasuka kioo, na mara chache, tena chache sana, treni ndogo za kuchezea zilizotengenezwa ng'ambo. Mzee akiwa hai, hakuna anayethubutu kuligusa. Akishafumba macho, maswali huanza. Hii ni mali ama ni takataka? Na kwa kuwa karo haingoji na dalali naye hana subira, aghalabu sanduku huondoka kabla ya swali hilo kupata jibu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo hutajwa sana madukani, lakini unafaa pia kwa vitu vya urithi. Kitu kisichojulikana ni nini, ni cha nani na ni cha lini, hakina bei. Kina kile tu ambacho mnunuzi amekusudia kutoa.

Nina sababu ya kuyasema haya. Mjomba wangu, ndugu ya mama, aliajiriwa na reli mwaka 1957 akastaafu mwaka 1988. Sehemu kubwa ya maisha hayo aliyatumia katika stesheni ya Voi, akigeuza njia za reli na kuunganisha mabehewa. Alipofariki, aliacha nyumba ndogo, mbuzi kadhaa, na sanduku la mbao ambalo sisi watoto tulikuwa tukionyeshwa Krismasi tu, tena kwa kutazama bila kushika.

Asili ya sanduku ilijulikana nusu nusu. Miaka ya uhuru, familia moja ya Kizungu iliyoishi katika shamba la mkonge upande wa Mwatate ilikuwa ikirudi kwao. Walipopima mizigo waliona sanduku la mtoto wao litawaongezea nauli ya meli bure, wakamwachia mjomba aliyekuwa akiwasaidia kupakia. Basi likakaa Voi zaidi ya nusu karne.

Miezi michache baada ya matanga, dalali mmoja alifika. Alilifungua sanduku, akalifunga, akasema, "Elfu tano, pesa mkononi. Ila hili la makopo bakini nalo." Binamu yangu akaona njia ya kupandisha bei: tununue rangi ya mafuta na msasa, tuzipake zing'are kama mpya, huenda dalali akatoa elfu kumi.

Mkazamjomba aliniita. "Mwanangu," akasema, "wewe umezoea kusoma soma. Niambie, hivi vitu vya marehemu vina thamani ama ni chuma chakavu? Huyu mjukuu wangu anaripoti chuoni mwezi ujao, na karo ni elfu arobaini na saba."

"Mama," nikamjibu, "tupe wiki mbili. Na tafadhali, rangi isiguse kitu."

Kazi tuliifanya watu wawili, mimi na mjukuu mwenyewe, binti wa miaka kumi na minane. Vyombo vyetu vilikuwa rula ya shule, kioo cha kukuzia maandishi, brashi laini na daftari la kurasa tisini na sita.

HERUFI HAZISEMI UONGO

Jambo la kwanza ni kusoma kila herufi iliyoandikwa, si juu tu bali chini ya tumbo la treni, ndani ya behewa na kwenye sanduku lenyewe.

Tulianza na sanduku. Ubavuni palikuwa na karatasi ya mizigo iliyofifia, yenye jina Mwatate na herufi EAR&H. Kwa mtu asiyejua, hizo ni herufi tu. Kwa anayejua, ni kalenda. Reli yetu, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, imebadilisha jina mara kadhaa. Ilianza kama Uganda Railway. Miaka ya 1920 ikawa Kenya and Uganda Railway. Mwaka 1948 iliunganishwa na ya Tanganyika, ikaitwa East African Railways and Harbours, yaani hiyo EAR&H. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na neno Harbours likaondoka. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ndipo tukapata Kenya Railways. Kwa hivyo karatasi ile haikuwa ya kabla ya 1948, na simulizi ya familia kuhusu miaka ya uhuru ikapata shahidi.

Ndugu msomaji, kanuni hiyo itakufaa hata kama huna treni. Kijiko, taa, kufuli au sahani yenye herufi za reli hujitaja umri yenyewe. Angalizo moja tu: vitu vya kazi vyenye alama ya reli vilikuwa mali ya shirika. Kama huna karatasi inayoonyesha mzee alivipataje, usikimbilie kuviuza.

Kisha tukaja kwenye treni. Ya kwanza ilikuwa ya bati, ya kutiwa ufunguo kama saa ya zamani, yenye mabehewa mawili ya abiria na moja la mizigo. Chini yake tulisoma Hornby, na jina la kampuni ya Meccano ya Liverpool. Frank Hornby ndiye Mwingereza aliyevumbua vyuma vya kuunganisha vya Meccano mwaka 1901, na kampuni yake ikaanza kuuza treni mwaka 1920. Behewa la mizigo liliandikwa LMS. Hilo ni jina la mojawapo ya kampuni nne kubwa za reli zilizohudumu Uingereza kuanzia 1923 hadi mwisho wa 1947, serikali ilipozitaifisha. Basi behewa lenye herufi hizo haliwezi kuwa la kabla ya 1923.

Ya pili ilikuwa ya stima, nzito, ya kijani, ndani ya boksi lake la kadibodi. Ubavuni palikuwa na jina Duchess of Montrose na nambari 46232. Reli zake zilikuwa na mstari wa tatu katikati wa kupitishia umeme. Hapa ushahidi ulitujia kwa wingi. Hiyo ni Hornby Dublo, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1938. Nambari nayo ina hadithi yake: kichwa cha treni halisi kiliitwa 6232 enzi za LMS, na reli zilipotaifishwa mwaka 1948 vichwa vya kampuni hiyo viliongezewa elfu arobaini, kikawa 46232. Kichezeo chenyewe kilitoka mwaka 1953. Kuhusu ule mstari wa tatu, Hornby walianza kuuza Dublo za mistari miwili mwaka 1959. Binti akaandika daftarini: "Kati ya 1953 na miaka ya mwanzo ya 1960." Nikamwambia hata wakili hana ushahidi bora kuliko huo.

Ya tatu ilikuwa treni ndogo ya bati lililochapwa picha, yenye maneno Made in Western Germany. Nchi yenye jina hilo ilizaliwa mwaka 1949 baada ya Ujerumani kugawanywa, na ikatoweka mwaka 1990 pande mbili zilipoungana. Vivyo hivyo, kichezeo kilichoandikwa Made in Occupied Japan ni cha miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchi hiyo ikiwa chini ya majeshi ya Marekani. Jina la nchi lisikupite hivi hivi.

CHUKUA RULA

Baada ya herufi, pima. Weka rula kati ya reli mbili, kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani. Ukipata milimita 45, hiyo huitwa gauge 1, nayo ni kubwa. Milimita 32 ni O. Milimita 16.5 ni OO au HO, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi duniani. Milimita 12 ni TT, na 9 ni N. Treni yetu ya ufunguo ilikuwa O, ile ya stima ilikuwa OO. Mnunuzi wa kweli akikupigia simu, hilo ndilo swali lake la kwanza, na ukisita atajua anazungumza na nani.

Kupima kulitufunza jambo jingine. Vichezeo vile viliiga reli ya Uingereza, ambayo upana wake ni milimita 1,435. Reli aliyoihudumia mjomba Voi ilikuwa ya mita moja kamili. Katika sanduku zima, basi, hakuna treni ya kiwandani iliyofanana na ile iliyokuwa ikipita mbele ya macho yake kila siku. Ajabu ni kwamba tangu mwaka 2017, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi inapita Voi, na upana wake ni milimita 1,435. Vichezeo vilisubiri miaka zaidi ya hamsini chini ya kitanda ndipo reli ya aina yao ikawafuata.

RANGI NA NYUFA

Sasa tuje kwa rangi, maana hapa ndipo mali nyingi huuawa na watu wenye nia njema. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imebanduka na kukwaruzika, ndiyo hati ya kitu. Ukiifunika kwa rangi mpya umeichana hati. Kichwa cha treni kilichopakwa upya nyumbani huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya mwenzake mchafu mwenye rangi yake ya kwanza. Msasa, mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria visikaribie. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na pumzi. Hayo yatosha.

Binamu yangu alinung'unika, kisha nikamwonyesha kwa kioo cha kukuzia yale maandishi membamba ya LMS. "Ukipaka rangi hapa," nikamuuliza, "nani atajua tena hii ni nini?" Akaenda kurudisha ile rangi dukani.

Angalia pia ugonjwa wa zinki. Vichezeo vingi vya kabla ya Vita Vikuu vya Pili vilikuwa na magurudumu ya mchanganyiko wa zinki. Kama risasi kidogo iliingia katika mchanganyiko huo kiwandani, chuma huanza kuvimba, kupasuka na kumeguka kama biskuti baada ya miaka mingi. Hauna dawa. Magurudumu ya lile behewa la LMS yalikuwa yameshapasuka, tukaandika hivyo hivyo daftarini. Mnunuzi akikuta ufa uliofichwa ataacha kuamini hata yale uliyosema kweli.

Na kwa usalama wenu, treni ya stima ya umri huo isichomekwe ukutani kujaribiwa. Mpira unaofunika nyaya huoza, na umeme wa volti 240 hauheshimu urithi wa mtu.

TRENI YA MAKOPO

Chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitambaa cha khanga, kulikuwa na kile kitu ambacho dalali alituachia. Ilikuwa treni ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyoundwa kwa makopo ya mafuta ya kupikia, nyaya na vipande vya bati, ikapakwa rangi ya damu ya mzee. Haikuwa na jina la kiwanda. Ubavuni, kwa mkono wa mjomba, ilikuwa na nambari 5930.

Tuliisoma kwa kanuni zilezile. Binti alihesabu magurudumu: kumi na manne mbele, kumi na manne nyuma. Tangi la maji mbele, tangi nyuma, na pipa kubwa la mvuke limening'inizwa katikati. Huo ndio umbo wa Garratt. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitutengenezea vichwa 34 vya daraja la 59, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Vilichoma mafuta mazito, vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na duniani kote hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi kwenye reli ya mita moja. Nambari 5930 ni Mount Shengena, mlima wa Upare, ng'ambo ya mpaka wetu wa Taveta. Nilipofika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, nyuma ya stesheni, nilikikuta kimesimama pale. Nilikizunguka nikihesabu. Kumi na manne mbele, kumi na manne nyuma.

Mjomba hakunakili picha ya kitabu. Alikuwa amesimama reli kwa reli na mnyama yule, akakumbuka kila gurudumu.

BEI NI IPI?

Watu wengi hutazama bei inayotajwa na muuzaji wakadhani ndiyo thamani. La hasha. Bei anayoomba mtu ni ndoto yake. Bei ya kutazama ni ile ambayo kitu kama hicho kiliuzwa kweli, na nyumba za mnada za Uingereza huchapisha matokeo hayo. Linganisha kitu na mwenzake wa hali moja: chenye boksi na chenye boksi, kizima na kizima. Kisha toa ada ya mnada na gharama ya kusafirisha. Zaidi ya yote, usitarajie utajiri. Treni hizi zilitengenezwa kwa maelfu, na wengi waliozichezea utotoni miaka ya 1950 ni wazee sasa, kwa hivyo makusanyo yao nayo yanarudi sokoni.

Tulipiga picha kila kitu juu, chini na ubavuni, tukaziambatanisha na kurasa za daftari, tukawapelekea wakusanyaji watatu. Wote walijibu. Mmoja anayeishi Nairobi alikuja Voi mwenyewe. Seti ya stima pamoja na boksi lake alitoa shilingi 31,000. Ile ya ufunguo, yenye magurudumu mabovu, 17,000. Ya Ujerumani 4,000. Jumla 52,000. Karo ikalipwa, na kilichosalia kikawa elfu tano, bei ileile ambayo dalali alitaka kulichukulia sanduku zima.

Kisha akaishika ile ya makopo, akaitazama muda mrefu. "Na hii?" akauliza. "Hizi nyingine nitazipata tena nikitafuta. Hii ni moja tu duniani. Nitatoa elfu kumi na tano."

Nikamtazama mkazamjomba. Pesa hizo zingemfaa, sikumficha. Akaipokea kutoka mikononi mwa mgeni kwa adabu, akaifunika khanga yake. "Baba, ahsante," akasema. "Hizo nyingine zilikuwa za watoto wa watu. Hii ni ya mwenyewe."

Hakuna aliyembishia. Binti aliandika ukurasa mmoja kwa mkono: nani aliiunda, alifanya kazi gani, wapi, miaka gani, na inaiga kichwa gani. Nakala moja ikawekwa pamoja na cheti cha kustaafu cha mjomba, nyingine ndani ya khanga. Siku moja wajukuu wakitaka kuiazima makumbusho, hawatahitaji kubuni hadithi.

Swali lililobaki lilikuwa la mahali pa kuiweka. Wengine walitaka ipelekwe nyumbani milimani, Wundanyi. Lakini ukungu wa kule ni adui wa bati, kutu ingeila. Voi kuna vumbi na joto, ila hewa ni kavu. Ikabaki Voi, ndani ya kabati mbali na mabati ya paa. Haikufungwa kwa karatasi ya nailoni, maana hiyo hufungia unyevu. Wala gazeti halifai, hata hili ulilo nalo mkononi, kwa heshima zote: wino huacha alama. Kitambaa safi cha pamba ndicho bora.

Wewe uliye na mzee aliyestaafu reli, bandari, posta au mashamba ya mkonge, usingoje matanga. Jumapili hii mketishe, mfungulie chai, mwombe afungue sanduku lake. Andika anayosema. Mtu anayekumbuka ndiye daftari la kwanza, na daftari hilo halina nakala.